Maji kwenye moyo: yanakaa wapi hasa?

Hivi moyo unaingiaje maji, ni haya tunayokunywa?

Hapana jamani, maji ya kunywa hayana njia ya kwenda huko. Na hata ndani ya moyo wenyewe hayaingii, mule kuna damu tu. Moyo uko kama ngumi yako, umevalishwa mfuko wa ngozi mbili nyembamba, katikati yake kuna majimaji ya kulainisha, mililita 15 mpaka 50 hivi, yaani vijiko vitatu mpaka kumi vya chai, ili moyo ukipiga usisuguane. Yakizidi hapo ndo wanakwambia moyo umejaa maji.

Sasa ya nje yanausumbuaje?

Yanaubana. Upande wa kulia unapokea damu inayorudi toka mwilini unaipeleka mapafuni, wa kushoto unaisambaza mwili mzima, na huu wa kulia kuta zake nyembamba kwahiyo ndo unabonyea kwanza. Damu inakosa pa kuingilia, mishipa ya shingo inatuna, presha inashuka, mgonjwa anahema juu juu, kulala chali hawezi.

Mengi kiasi gani ndo hatari?

Hapa wengi wanakosea. Kinachoua ni kasi kuliko wingi. Mtu kachomwa kisu kifuani, damu kama nusu glasi ikijaa ghafla kwenye mfuko inatosha kummaliza, mwingine yanaongezeka taratibu miezi na mfuko unatanuka nayo, anakuja hospitali kwa miguu yake wanamtoa lita nzima!

Yanaletwa na nini?

Huku kwetu Afrika anayeongoza ni TB, hasa kwa wenye HIV. Figo kufeli, kansa na virusi navyo vimo.

Jirani aliambiwa ana maji akapewa vidonge vya kukojoa, na mimi ninunue?

Usithubutu. Huyo pengine moyo umechoka kusukuma, maji yakajaa miguuni na mapafuni, ugonjwa mwingine kabisa ila mtaani jina ni lile lile. Moyo uliobanwa unahitaji damu ya kutosha irudi ili ujae, ukimkausha mtu wa hivyo unaweza kumwangusha. Apimwe eko kwanza, yaani ultrasound ya moyo, hata haiumi, wanakupaka jeli ya baridi kifuani na kwenye skrini unauona moyo unaogelea. Ukiwa umebanwa wanapitisha sindano ndefu hapo kwenye chembe ya moyo wanayavuta, yanaenda maabara, na ikionekana ni TB anaanza dozi ya miezi 6 hata kama hajawahi kukohoa.