"Usijifanyie sanamu ya kuchonga": amri hii inakataza nini?

Waulize Wakristo wengi Waisraeli walikosa nini pale chini ya Mlima Sinai, watakujibu kwamba walimwacha Mungu wakaabudu mungu mwingine, ndama wa dhahabu. Lakini soma taratibu Kutoka 32, mstari wa 5. Haruni amekwisha kujenga madhabahu mbele ya ndama, kisha anatangaza: "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Jina analolitaja ni la Mungu yuleyule aliyewatoa Misri. Kwa Haruni, sherehe ile ilikuwa ya Mungu wa kweli. Ndama aliwekwa ili watu waliochoka kumngoja Musa wapate kitu cha kutazama. Na bado hasira ya Mungu iliwaka.

Hapo ndipo penye uzito wa katazo hili, na ndipo wengi tunapopapita haraka. Maneno "Usiwe na miungu mingine ila mimi" yanatosha kuwakataa miungu wengine. Yale yanayofuata, "Usijifanyie sanamu ya kuchonga", yanamgusa hata anayemwabudu Mungu wa kweli, akitaka kumwabudu kwa umbo alilolitengeneza kwa mikono yake.

Kwa nini? Kumbukumbu la Torati 4 inatoa sababu: siku Mungu aliposema kutoka katikati ya moto, watu walisikia sauti, lakini "hamkuona umbo la namna yo yote". Mungu alijitambulisha kwa neno lake. Anayemchonga anabuni kitu ambacho hakuonyeshwa. Tena ndama hawezi kusema "usiibe" wala "mtetee mjane". Hubebwa na watu, hupelekwa wanakotaka wao. Isaya anauliza: "Basi mtamlinganisha Mungu na nani?"

Neno letu lenyewe linaweza kutuchanganya. Katika Kiarabu, lilikotoka, *sanam* ni kitu kinachoabudiwa. Sisi tumelipanua: Sanamu ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ni sanamu, na hakuna anayeisujudia. Kwa hiyo mtu akisoma neno "sanamu" peke yake anaweza kudhani kila kinyago na kila picha ukutani ni haramu. Sentensi inayofuata ndiyo inayofunga maana: "Usivisujudie wala kuvitumikia." Mungu huyohuyo, katika Kutoka 25, anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano.

Vilevile aliagiza nyoka wa shaba ainuliwe jangwani, walioumwa na nyoka wamtazame wapone. Karne nyingi baadaye, watu walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yuleyule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Kisa hiki kinanigusa kuliko vingine vyote kuhusu jambo hili. Kitu kilichoanza kwa agizo la Mungu kiligeuka mtego bila kubadilika umbo hata kidogo. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyokitendea.

Makanisa hayajakubaliana mpaka uko wapi. Mwaka 787, Mtaguso wa pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitofautisha ibada, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa picha takatifu na kumwendea yule aliyechorwa. Kabla yake, Yohane wa Damasko, mtawa na mwanateolojia, alikuwa ametetea picha kwa hoja ya umwilisho, yaani Mungu kufanyika mwanadamu: Mungu asiye na mwili hachoreki, lakini katika Kristo ameonekana kwa macho. Waorthodoksi na Wakatoliki husimama hapo. Huko Zurich, mwaka 1524, wafuasi wa Zwingli, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, waliziondoa picha makanisani, wakiona kwamba tofauti hiyo haidumu mioyoni mwa waumini. Martin Luther, ambaye Walutheri wameitwa kwa jina lake, hakufika huko: aliporudi Wittenberg mwaka 1522 alihubiri dhidi ya kuzivunja kwa fujo.

Limebaki suala la kuzihesabu Amri Kumi, linalozua lawama zisizo za haki. Wakatoliki husemwa kwamba wameifuta amri ya pili. Hawakuifuta. Wao na Walutheri hufuata mpango wa Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, unaohesabu katazo la sanamu ndani ya amri ya kwanza na kuigawa ile ya kutamani kuwa mbili, ili jumla ibaki kumi. Katika orodha fupi ya kukariri, maneno ya sanamu huachwa. Waanglikana, Wasabato na Waorthodoksi huyahesabu peke yake. Ndiyo maana kwa Mlutheri "amri ya pili" ni kutolitaja bure jina la Mungu, na kwa Mwanglikana ni sanamu, hali Kutoka 20 wanayoisoma ni moja.