Dhana potofu kuhusu unyenyekevu na utumishi wa Kikristo

Ukikaa Dar es Salaam huwezi kulikosa hili: "Nyenyekea, Mungu atakuinua." Linatoka kwenye spika za kanisa la turubai Mbagala, linatoka redioni ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, na dada wa kazi analisikia kwa bosi wake siku anapouliza mshahara wa mwezi uliopita. Lina msingi wake katika Maandiko, kwa sababu 1 Petro 5:6 inatuambia tunyenyekee chini ya mkono wa Mungu ili atukweze kwa wakati wake. Ninachohangaika nacho ni nani anayeambiwa neno hilo, na anaahidiwa nini. Mara nyingi anaambiwa aliye chini tayari, na anaahidiwa gari na nyumba. Injili haikuanzia hapo.

"Unyenyekevu ni somo la watu wa chini"

Soma Marko 10 taratibu. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanamwendea Yesu wakiomba viti viwili, mmoja kuume na mwingine kushoto, katika utukufu wake. Wale kumi wakakasirika, na sidhani walikasirika kwa sababu ya unyenyekevu wao. Hapo ndipo Yesu aliposema: "mtu anayetaka kuwa mkubwa kwenu, atakuwa mtumishi wenu." Aliwaambia watu waliokuwa wakigombea vyeo. Hakumwita mtumishi wa nyumba ya mtu akamfundisha kuinama zaidi.

Yohana 13 inalisema hilo kwa uwazi ambao wengi tunaupita haraka. Kabla ya kutaja beseni na kitambaa, mwinjili anaeleza kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake. Ndipo akainuka chakulani, akaweka kando mavazi yake na kuanza kuwaosha wanafunzi miguu. Aliinama akiwa anajua mamlaka aliyo nayo. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu wa mwisho nyumbani: Abigaili, alipotaka kujishusha kabisa mbele ya wajumbe wa Daudi, alisema yuko tayari kuwaosha miguu watumishi wa bwana wake (1 Samweli 25:41).

Kwetu anayeleta birika na beseni la kunawa ni mdogo wa nyumba. Anapiga goti kidogo, anamimina maji, wakubwa wananawa huku wakiendelea na mazungumzo yao. Sasa babu mwenyewe, mwenye nyumba, asimame achukue birika aanze kuwanawisha wajukuu na kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo. Watu wote sebuleni wangeruka kumpokonya. Petro alifanya hivyo hivyo: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Aliona mpangilio mzima wa nani anamhudumia nani ukipinduliwa mbele ya macho yake, na hakuwa tayari.

Papa Fransisko alilielewa. Alhamisi Kuu ya mwaka 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, alikwenda katika gereza la vijana la Casal del Marmo mjini Roma, akaosha miguu ya vijana 12, wakiwemo wasichana na Waislamu. Wapo Wakatoliki waliolalamika. Miaka mitatu baadaye kanuni ya ibada hiyo ilibadilishwa rasmi ili wanawake nao waweze kuoshwa miguu.

Kwa hiyo kama wewe ni bosi, na unakwenda ibadani kila Jumapili, somo la unyenyekevu linaanza kwako kabla ya kumfikia dada wa jikoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Mfanyakazi wa nyumbani hakuwekwa kando na sheria hiyo. Ni nyumba ngapi za Wakristo, kuanzia Mbezi hadi Kigamboni, ambako dada anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho, Jumatatu mpaka Jumapili, kisha anahimizwa awe mnyenyekevu? Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiwa kwa hila "unapiga kelele", na kelele hizo zimemfikia Bwana wa majeshi. Hatumbembelezi aliyedhulumiwa avumilie kwa jina la Yesu wakati funguo za kabati la pesa tunazo sisi.

"Mnyenyekevu hanyanyui sauti"

Hili nalijibu kwa ufupi, maana Biblia yenyewe imelimaliza. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimuuliza aliyempiga: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Musa, anayetajwa katika Hesabu 12:3 kuwa mpole kuliko wanadamu wote, ndiye aliyesimama mbele ya Farao. Paulo na Sila walichapwa hadharani kule Filipi, wakatiwa gerezani bila hukumu. Asubuhi mahakimu walipotuma watu wawaachilie kimya kimya, Paulo alikataa kutoka mpaka wakubwa hao waje wenyewe kuwatoa. Alidai haki yake ya uraia wa Rumi, na baada ya hapo akawafariji ndugu wa mji ule ule kabla ya kuondoka.

"Tumika leo, kesho Mungu atakulipa mafanikio"

Hapa ndipo penye maumivu, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Kijana anatoka mkoani, anapanga chumba Manzese, anajiunga na kanisa. Anapewa huduma: kupanga viti, kufagia, kubeba spika, kuosha gari la mchungaji. Anaambiwa hii ni mbegu, avumilie, zamu yake inakuja. Anafanya kwa moyo wote. Mwaka unapita, mwingine unaingia, ajira haijatokea, kodi inadaiwa, na anaanza kujiuliza dhambi yake ni ipi. Hakuna aliyemwambia kwamba alichoahidiwa hakimo katika Injili aliyopewa.

Andiko linalopendwa sana katika mahubiri hayo ni Marko 10:30. Petro amemkumbusha Yesu kwamba wao wameacha vyote. Yesu anajibu kuwa aliyeacha atapewa mara mia sasa wakati huu, nyumba, na ndugu, na mama, na watoto, na mashamba. Mhubiri huishia hapo na watu wanapiga makofi. Sentensi haijaisha. Inaendelea: "pamoja na udhia." Yesu alitia mateso ndani ya ahadi ile ile, pumzi ile ile. Tena hao ndugu na mama mara mia ni watu halisi: ni jumuiya, ni wale wanaokuja na turubai na masufuria mtu akifiwa, wanaochanga nauli ya kusafirisha mwili hadi Bukoba au Songea.

Aya chache mbele ndipo wana wa Zebedayo wanapoomba viti. Yesu hakuwapa viti, aliwapa kikombe. Matendo 12 inatueleza Yakobo alikinyweaje: Herode alimuua kwa upanga. Huyo ni mtume, mmoja wa wale watatu wa karibu kabisa. Ukipima mafanikio kwa kipimo cha mahubiri yetu mengi, Yakobo alifeli, na Stefano alifeli, na Yesu mwenyewe, aliyezikwa katika kaburi la mtu mwingine, alifeli vibaya.

Kwa Yesu, kumtumikia mwenzako ndiyo mafanikio yenyewe, na ukubwa ndio huo. Hasemi utumike kwanza halafu siku moja utatoka kwenye utumishi uingie kwenye ukubwa. Aliyefika ni yule ambaye maisha yake yanawafaa wengine, awe na gari au awe anapanda mwendokasi amesimama kutoka Kimara hadi Kivukoni. Katika Mathayo 25, waliokirimiwa ufalme wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa?" Hawakumbuki. Walilisha, walivika, walitembelea wafungwa, na hawakuwa wakihesabu wanachodai.

Sitaki kudharau upande wa pili wa jambo hili. Fundi anayemsikiliza mteja hupata wateja, na muuza vitambaa wa Kariakoo asiyemdanganya mtu kuhusu vipimo ataona watu wanarudi dukani na wengine. Kijana aliyejifunza kuchanganya sauti kanisani anaweza kupata kazi ya sherehe akalipwa vizuri, na namwombea apate. Hayo ni matunda ya kazi nzuri na uaminifu, na Mungu huwapa Wakristo na wasio Wakristo. Usiyauze kama malipo ya madhabahuni. Na kama kanisa lina uwezo wa kumlipa kijana anayefanya kazi siku sita kwa wiki, limlipe. Yesu mwenyewe alisema mtenda kazi anastahili ujira wake.

"Kiongozi akijishusha, watu watampanda kichwani"

Tanzania tuna mfano tusiotakiwa kuusahau. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuijenga TANU kwa wananchi. Novemba mwaka huo huo alichaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawabana viongozi: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Mwaka 1985 aling'atuka urais akiwa hai na mwenye nguvu, jambo ambalo Afrika ya wakati ule haikulizoea. Hakuna aliyempanda kichwani. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza mchakato rasmi wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Nasema pia, kwa heshima yote, kwamba kuishi bila makuu hakumfanyi mtu asikosee. Katika miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishiwa vijijini kwa nguvu, na wapo wazee wanaokumbuka nyumba zao zilivyobomolewa. Kiongozi anayejishusha bado anahitaji kusikiliza wale anaowatumikia, hasa wanapomwambia hapana.

Kwa viongozi wa dini Petro ameandika wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao, bali wawe vielelezo kwa kundi. Mchungaji anayebebewa Biblia, anayebebewa begi, anayefunguliwa mlango wa gari na vijana wawili, na ambaye muumini akitaka kumwona apitie kwa walinzi, asome mstari huo polepole.

"Huduma isiyoonekana haisaidii"

Wanasema picha za msaada zinawahamasisha wengine. Zinaweza. Lakini tazama kinachotokea Jumamosi nyingi kwenye vituo vya kulelea watoto hapa mjini: kundi linashuka na fulana za rangi moja, unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, na kabla ya mfuko kufunguliwa watoto wanapangwa mstari wa picha. Mtoto wa miaka tisa anajifunza kutabasamu kwa ajili ya sabuni. Miaka kumi baadaye picha ile bado ipo mtandaoni, na yeye ni mwanafunzi wa chuo. Yesu alisema utoapo sadaka usipige panda mbele yako. Piga picha ya risiti kama wachangiaji wanataka hesabu; watoto waache.

"Vyombo ni kazi ya kinamama na wasio na karama"

Kanisa la kwanza lilipopata mgogoro wa chakula cha wajane, Yerusalemu, mitume waliagiza wachaguliwe wanaume saba wa kuhudumia meza. Sifa walizotakiwa kuwa nazo: "walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima." Sifa zote hizo kwa ajili ya kugawa chakula! Stefano na Filipo walitoka kwenye orodha hiyo ya mezani.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inaagiza watawa wahudumiane jikoni kwa zamu ya wiki, na anayemaliza zamu pamoja na anayeingia wawaoshe miguu wenzao wote. Watawa wa kanuni hiyo walifika Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam ya wakati ule, mwaka 1888. Na Yohana 21 inamweka Yesu mfufuka ufukoni alfajiri, kwenye moto wa makaa, samaki juu yake na mkate pembeni, akiwaita wavuvi waliokesha bila kupata kitu: "Njoni mfungue kinywa." Wanaume wa Feri na Kunduchi wanaujua moto wa namna hiyo. Bwana aliyeshinda mauti alikuwa anapika.

Jumuiya zetu za mitaani hukutana nyumbani kwa watu, na baada ya sala kuna chai, maandazi, siku nyingine pilau. Wanaume hubaki kwenye viti kuzungumzia mipira na siasa wakati akina mama wanasugua masufuria nyuma ya nyumba gizani. Njia rahisi ni kuandika zamu ya vyombo kwa majina, mwenyekiti na mzee wa kanisa wakiwa juu ya orodha, na kuibandika palepale inapobandikwa zamu ya kuongoza sala. Mwezi wa kwanza kutakuwa na minong'ono na visingizio vya mgongo. Mwenyekiti aanze yeye, akunje mikono ya shati, na asipige picha.