Pembe za Ndovu Hazikuwa Hazina ya al-Shabaab

Hapa Mombasa, pembe za ndovu zikinaswa bandarini Kilindini, barazani utasikia: hizo ni pesa za al-Shabaab. Dhana hii ilivuma sana baada ya kundi hilo kushambulia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, na ushahidi wake ni haba mno.

Mwaka 2014, ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na Interpol iliona madai hayo hayaaminiki. Fedha nono za al-Shabaab zilitoka kwenye makaa. Migunga ilikatwa kusini mwa Somalia, ikachomwa tanuri kwa tanuri, makaa yakapakiwa Kismayo na Barawa kuelekea nchi za Ghuba, huku kundi hilo likitoza ushuru kwenye vizuizi vya barabarani. Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2012, haikukoma.

Pembe zilizopitia bandari yetu zilikuwa za magenge ya magendo, yanayoishi kwa hongo na hati za uongo. Mwaka 2015 Singapore ilikamata takriban tani 3.7 zilizofichwa kwenye shehena ya majani ya chai kutoka Kenya. Inaniuma kwamba, kwa kumtazama gaidi wa mbali, tunawasahau waliofungua lango.