Soriasisi: krimu ina kipimo chake, na haiachwi ghafla

Wagonjwa wengi wa soriasisi hufika kliniki ya ngozi wakiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake mna tyubu tatu au nne za krimu zilizotumika nusu, sabuni ya dawa, pengine na chupa ya mafuta yasiyo na lebo, na kila kimoja kilinunuliwa baada ya mtu kuwaambia kuwa madoa yale ni choa, fangasi au pumu ya ngozi. Kwa kawaida mfuko huo hutueleza historia ya ugonjwa vizuri kuliko cheti.

Soriasisi si fangasi, na haiambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kutumia taulo moja. Ni ugonjwa wa kinga ya mwili, ambao mara nyingi una asili katika ukoo. Seli za ngozi ya juu, ambazo kwa kawaida huchukua takribani mwezi mmoja kukomaa na kupukutika, humaliza safari hiyo kwa siku chache tu, zikarundikana na kuwa magamba meupe yanayong'aa kama fedha. Picha nyingi za vitabuni huonyesha mabaka mekundu, na hilo limewapoteza hata baadhi ya watabibu, kwa kuwa katika ngozi nyeusi mabaka hayo huwa ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokoza. Tunayatafuta viwikoni, magotini, kichwani na kiunoni, kisha tunatazama kucha, ambazo mara nyingi huwa na vishimo vidogo vidogo kama subana ya fundi cherehani. Penye shaka, ngozi hukwanguliwa na kupimwa fangasi kwa darubini, kipimo rahisi ambacho kingeokoa fedha nyingi za wagonjwa.

Tatizo kubwa tunalokutana nalo ni matumizi ya krimu zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho. Betamethasoni na klobetasoli, ambazo ni steroidi, ni dawa nzuri, nasi wenyewe huziandika kila siku. Lakini mgonjwa akijinunulia dukani krimu mchanganyiko yenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria, mabaka hulainika ndani ya wiki moja, naye huacha akidhani amepona, na baada ya muda ugonjwa hurudi kwa nguvu zaidi. Mwingine hufanya kinyume chake, akapaka klobetasoli miezi mfululizo hadi usoni na kwenye mikunjo ya mapaja, ngozi ikawa nyembamba na kuchanika mistari. Klobetasoli kwa mtu mzima haipaswi kuzidi wiki 2 mfululizo bila usimamizi wa daktari, wala gramu 50 kwa wiki.

Kipimo cha kupaka hakihitaji mizani. Kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia mstari wa kiungo cha mwisho hadi ncha. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo lenye ukubwa wa viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kabla ya kupaka, magamba yaloweshwe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe yasisuguliwe kwa dodoki au jiwe, kwa maana ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa huweza kuota baka jipya palepale. Ngozi ikaushwe kwa kugusishwa taulo, kisha ipakwe mafuta mazito ya mgando, ambayo ni ya bei nafuu na hayana mbadala. Magamba yakiwa mazito tunaongeza marhamu ya asidi ya salisili au dawa ya lami ya makaa ya mawe (harufu yake hawaipendi, nami siwalaumu). Mabaka yakitulia, steroidi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa mfano kubaki siku mbili kwa wiki, huku mafuta yakiendelea kila siku.

Ugonjwa ukienea mwilini, krimu peke yake haitoshi. Iko tiba ya mwanga wa urujuanimno (UVB), na ziko sindano za kibayolojia, zinazozuia sehemu fulani ya kinga ya mwili, ambazo ni ghali na huanza baada ya kupima kifua kikuu. Dawa tunayoitumia zaidi ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Tunamwomba mgonjwa achague siku yake, tuseme Jumapili, na kuiandika juu ya pakiti, kwani kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Inahitaji vipimo vya damu na ini, haiendani na pombe, na ni marufuku kwa mjamzito. Vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza), kinyume chake, visitumiwe kutibu soriasisi bila daktari wa ngozi, kwa sababu vikikatizwa ghafla ngozi yaweza kujaa malengelenge ya usaha, na hiyo ni dharura.

Soriasisi inayoanza ghafla na kwa ukali ni sababu ya kupima VVU, kwa kuwa mara nyingine hupungua sana mgonjwa akianza dawa za kufubaza virusi. Vidole vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa navyo visemwe mapema. Hadi takribani wagonjwa 30 katika 100 hupata ugonjwa wa viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi.

Huna haja ya kwenda mbali kila mara. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimefundisha watabibu wa ngozi tangu 1992, na wengi wao wanahudumu katika hospitali za kawaida za nchi mbalimbali za Afrika. Unapokwenda, beba mfuko wako wote, pamoja na dawa za presha na hata ile tyubu ya mkorogo unayoona haya kuitoa.