Je, wajua? Amri ya Torati ilikuwa kushukuru baada ya kula

Muulize Mkatoliki kwa nini hufanya ishara ya msalaba na kusali kabla ya kula, na mara nyingi atakutajia Karamu ya Mwisho: Yesu alitwaa mkate, akashukuru, ndipo akaumega. Ni kweli, ila hapo ni katikati ya hadithi. Usiku ule Yesu alifuata desturi ya Wayahudi mezani, na tayari alikuwa ameifuata alipolisha watu elfu tano (Marko 6:41).

Wengine hurudi nyuma zaidi na kusema ni amri ya Torati. Hapo ndipo panapochekesha kidogo. Andiko lenyewe, Kumbukumbu la Torati 8:10, linamwagiza mtu ale, ashibe, kisha amshukuru Bwana. Shibe kwanza, shukrani baadaye. Kuhusu sala ya kabla ya kula, aya hiyo haisemi neno.

Basi sala ilifikaje mbele ya sahani? Talmud, mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi (walimu wa dini ya Kiyahudi), imehifadhi mjadala wao juu ya jambo hilo. Wanauliza: ikiwa aliyeshiba anapaswa kumshukuru Mungu, je, mwenye njaa si zaidi? Kisha wanaweka Zaburi mbili uso kwa uso. Ya 24 inasema nchi na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Ya 115 inasema nchi amewapa wanadamu. Ni ya nani, basi? Marabi wanajibu kwamba zote mbili ni kweli: ya kwanza kabla ya kutamka baraka, ya pili baada yake.

Ni kama kupiga hodi. Nyumba haibadiliki kwa hodi yako. Kuta ni zilezile, na mwenye nyumba ni yuleyule. Kinachobadilika ni hali yako wewe: dakika moja iliyopita ungeingia kama mwizi, sasa unaingia kama mgeni. Marabi hawakuwa mbali na lugha hiyo, kwani walimfananisha anayekula bila baraka na mtu anayejitwalia vitu vitakatifu vya Mungu.

Kwa hiyo wanaodhani sala hii ni ya kusafisha chakula wamepindua mambo. Baraka ya Kiyahudi ya mkate haiuombei mkate chochote. Inamsifu Mungu anayeutoa katika ardhi. Wakristo waliongeza ombi, na barua ya kwanza kwa Timotheo (4:4-5) inasema chakula hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa sala, lakini hata hapo inatangulia kusema kwamba kila alichoumba Mungu ni chema.

Tahadhari moja: Talmud ilikamilika karne kadhaa baada ya Yesu, kwa hiyo huenda marabi walikuwa wakitafutia sababu desturi iliyokwisha kuzeeka. Na dalili za uzee huo zipo: Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba kwa Waeseni, kundi la Wayahudi washika dini wa wakati huo, hakuna aliyeruhusiwa kuonja chakula kabla ya kuhani kusali.

Kwa Wakristo, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, aliandika mnamo mwaka 197 kwamba hawakai mezani kabla ya kuionja sala kwanza. Maneno ya Kilatini yanayoanza "Benedic, Domine" ("Bariki, ee Bwana"), chimbuko la sala inayosaliwa leo, yamo katika Sakramentari ya Gelasio, kitabu cha kale cha sala za ibada, ambacho nakala yake maarufu iliandikwa karibu mwaka 750. Papa Gelasio mwenyewe alifariki mwaka 496, na kitabu hicho si kazi yake, ingawa jina limemng'ang'ania.

Watawa ndio walioitia desturi hii makali. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, sura ya 43, inasema mtawa anayechelewa sala ya mezani kwa uzembe wake aonywe hadi mara mbili. Asipojirekebisha, atakula peke yake na kunyimwa mgao wake wa divai. Adhabu hiyohiyo ilimhusu asiyekuwepo kwenye sala ya baada ya kula, ile ambayo Torati iliiagiza na ambayo leo wengi huinuka mezani bila kuikumbuka.