Mtoto wa Kiburyati na herufi zake tatu

Waburyati ni watu wa jamii ya Wamongolia. Wanaishi pande zote mbili za Ziwa Baikal, huko Siberia nchini Urusi, na zamani wengi wao walikuwa wafugaji wa farasi, ng'ombe na kondoo. Anayetaka kujua watoto wao walisomaje asitafute kwanza jengo la shule, maana huenda asilione. Atafute ubao.

Ubao huo uliitwa sambar. Ni kipande cha mbao kilichopakwa masizi na mafuta, kisha kikanyunyiziwa majivu laini. Mtoto aliandika kwa kijiti: kijiti kinapopita, majivu huondoka na weusi wa chini hujitokeza. Akikosea, hunyunyiza majivu mengine na kuanza upya. Karatasi ilikuwa adimu, lakini majivu hayakosekani penye moto, na katika baridi ya huko moto hauzimwi. Wamongolia hadi leo hutumia neno hilohilo kwa ubao wa darasani.

Somo la kwanza lilikuwa irabu saba za hati ya Kimongolia, ambayo huandikwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kwanza ikiwa kushoto. Mara nyingi aliyefundisha alikuwa tu jamaa au jirani anayejua kusoma, mwenye nafasi wakati wa majira ya baridi. Elimu hiyo ilikuwa na soko. Sheria ya Urusi ya mwaka 1822 iliwapa Waburyati mabaraza yao wenyewe, yaliyoitwa Duma za Nyika, na mabaraza hayakuendeshwa bila makarani wa kuandika barua na hesabu za kodi.

Mvulana aliyepelekwa datsan, yaani monasteri ya Kibudha, alifuata njia nyingine. Aliitwa huvarak na alisoma Kitibeti, lugha ambayo hakuna aliyeizungumza nyumbani kwao. Alikariri kwanza, maana ikaja baadaye, kwa wengine baada ya miaka. Ni rahisi kuicheka elimu ya namna hiyo, lakini humo humo ndimo walimotoka waganga waliobobea katika tiba ya Kitibeti, wachonga vibao vya kuchapia vitabu na wanafalsafa wa midahalo. Wasichana hawakuwa na nafasi humo.

Shule za madarasa zilikuja polepole. Wamisionari wa London Missionary Society walifika eneo la Selenginsk mwaka 1819, wakafundisha watoto na kutafsiri Biblia kwa Kimongolia, hadi serikali ya Tsar, mfalme wa Urusi, ilipoufunga utume wao yapata mwaka 1840. Mwaka 1833 ilifunguliwa shule ya Kirusi na Kimongolia huko Troitskosavsk, karibu na mpaka wa China wa wakati huo, kwa watoto wa Makosaki, yaani askari walinzi wa mpaka. Mmoja wa wanafunzi wake, Dorzhi Banzarov, aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Kazan na kuwa mwanazuoni wa kwanza wa Kiburyati mwenye elimu ya Ulaya. Lakini huyo alikuwa mmoja. Familia zilizohama kutoka kambi ya baridi kwenda kambi ya kiangazi hazikuweza kumwacha mtoto nyuma kirahisi, na mikono yake ilihitajika penye mifugo.

Chini ya Wasovieti shule iliwafikia karibu watoto wote, wasichana kwa wavulana, na watoto wa wafugaji wakawekwa kwenye shule za bweni. Hilo si jambo dogo. Ila hapo ndipo msukosuko wa herufi ulipoanza. Chukulia mtoto aliyeingia darasani mwaka 1929. Alianza na hati ya kushuka, ile aliyoijua babu yake. Mwaka 1931 zikaja herufi za Kilatini. Mwaka 1936 lahaja ya msingi ya vitabu ikahamishwa kutoka ya Selenge kwenda ya Khori. Mwaka 1939, akiwa kijana sasa, akaambiwa aandike kwa herufi za Kikirili kama Warusi. Ndani ya miaka kumi alifundishwa kusoma mara tatu, na lugha ni ileile moja!

Katika miaka hiyohiyo datsan zote zilifungwa, na vitabu vya hati ya zamani vikawa mali ya hatari kuonekana nayo. Vingine viliteketezwa, vingine vikafichwa. Kufikia miaka ya 1970 hata Kiburyati chenyewe kiliacha kuwa lugha ya kufundishia na kubaki somo tu, kwa hiyo mtoto aliyekizungumza nyumbani alijifunza hesabu kwa Kirusi.

Ndiyo sababu barua ya mwaka 1925, ikikutwa leo ndani ya sanduku la bibi huko Ulan-Ude, mji mkuu wa Buryatia, hupitishwa mkono kwa mkono mezani bila wa kuisoma. Jina la aliyeiandika linajulikana, maana bibi alilitaja.