Betri ya Vepu ya Kutupwa Haijafa

Mezani pangu pana sigara ya kielektroniki ya kutupwa, ambayo wengi huiita vepu. Aliyekuwa nayo aliiacha kwa sababu haikuwa ikitoa moshi tena na ladha yake ilikuwa imegeuka ya kuungua. Nimeibandua upande wa mdomo kwa koleo na kutoa kila kilichomo: sifongo iliyolowa kimiminika chenye harufu ya matunda, bomba jembamba lenye waya ndani yake, kidude cha mviringo kisichozidi punje ya mahindi, nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, na betri. Kati ya vyote, betri ndiyo nzito zaidi. Nilipozigusisha ncha zake na mita ya umeme, namba ikasimama kwenye volti 3.6. Betri ya aina hii yenye volti 3.6 bado ina umeme. Kilichoisha ni kimiminika.

Mimi ni mtu wa betri, si daktari. Kuhusu nikotini nitasema tu yale ambayo wenzangu wa afya hawachoki kuyarudia: inajenga uraibu, na kijana ambaye hajaanza hana sababu ya kuanza. Jambo langu ni hicho chuma kidogo kilicholala ndani ya ganda la plastiki. Watu wengi wanakitia mfukoni na kukitupa pipani bila kujua kwamba wameshika betri ya ukoo mmoja na ile ya simu zao.

Nianze na swali ninaloulizwa mara nyingi: vepu haina swichi, sasa inajuaje kwamba mtu anavuta? Jibu ni kile kidude cha mviringo. Ukikitazama utadhani ni maikrofoni ya simu, na kweli vyote viwili vimetokana na ufundi mmoja. Ndani yake umetandazwa utando mwembamba mbele ya bamba la metali. Mtu anapovuta, presha ya hewa hushuka upande mmoja, utando unapinda kidogo sana, na nafasi iliyopo kati yake na bamba inabadilika. Chipu iliyomo humo humo inalihisi badiliko hilo na kufungua njia ya umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye waya wa kupasha moto, yaani koili. Akiacha kuvuta, utando unarudi mahali pake na njia inafungwa.

Chipu hiyo ndogo ina kazi nyingine pia. Ndiyo inayowasha kitaa cha nchani. Ndiyo inayokata umeme mtu akivuta mfululizo kupita kiasi, mara nyingi baada ya sekunde 8 hadi 10. Ndiyo pia inayochungulia volti ya betri, na ikiona imeshuka mno, kwa kawaida jirani na volti 3, kitaa humetameta na kifaa hugoma. Lakini si mlinzi wa kutegemewa kwa kila hali. Kimiminika kikivuja na kuingia kwenye kile kidude, utando unaweza kunata, chipu ikadhani mtu anavuta, na koili ikawaka yenyewe. Ukigusa mfuko wako ukakuta vepu ina joto na hukuwa umeivuta, itoe hapo hapo, iweke juu ya sakafu ya saruji au udongo, mbali na kitu chochote kinachoshika moto, wala usiirudishe mfukoni.

Koili yenyewe ni waya, au wavu mwembamba, wa aloi (mchanganyiko wa metali) ya chuma, kromiamu na alumini, au ya nikeli na kromiamu. Aloi hizo huchaguliwa kwa kuwa zina ukinzani mkubwa, yaani huubania umeme njia hadi zikapata moto, na hazili kutu haraka zikiwa na moto. Koili inagusana na utambi wa pamba unaofyonza kimiminika kutoka kwenye sifongo, kama utambi wa taa ya mafuta. Kimiminika hicho hasa ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, inayochemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini, inayochemka kwenye nyuzi 290, pamoja na nikotini na vionjo. Kwa hiyo yanayosemwa mitaani kwamba vepu hutoa "mvuke wa maji tu" si kweli. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa pana joto kubwa zaidi ya hilo, na linapatikana ndani ya sekunde moja. Pale utambi unapokauka, koili huanza kuunguza pamba yenyewe, na hiyo ndiyo ladha mbaya iliyomfanya mwenye ile vepu aitupe.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo betri inapojionyesha. Tuchukue betri ya mAh 500 (miliampia-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri), ukubwa wa kawaida kwa vepu ndogo, na koili yenye ukinzani wa omu 1.7. Kwa volti 3.7, mkondo ni ampia 2.2 hivi, na nguvu inayoishia kwenye koili ni wati 8. Mvuto mmoja wa sekunde 2 unakula nishati ya jouli 16, yaani wati 8 mara sekunde 2. Betri nzima imebeba takriban jouli 6,660. Gawanya, utapata mivuto kama 400. Ukiona kifaa kidogo kimeandikwa mivuto maelfu kadhaa, jua kwamba betri yake lazima ichajiwe njiani, na ndiyo maana vingi vya namna hiyo vina tundu la chaji.

Angalia na muda. Mivuto 400 ya sekunde mbilimbili ni dakika zisizofika 14. Yaani koili ikiwaka bila kupumzika, betri iliyojaa inamaliza kila kilichomo ndani ya robo saa. Simu ikitumika kwa kawaida hukaa saa nyingi kabla ya kufika huko. Betri ya vepu hujengwa kwa ajili ya kazi hiyo ya kutoa umeme mwingi kwa kishindo, na betri ndogo za kawaida za tochi, zile za volti 1.5, zisingeiweza. Zingehitajika kadhaa zikiunganishwa, na hata hivyo ukinzani wake wa ndani ungekula sehemu kubwa ya nguvu.

Ukiifungua betri hii (nami nasema kwa msisitizo: kazi hiyo ni ya maabara, si ya jikoni wala sebuleni) utakuta karatasi ndefu zilizokunjwa pamoja kama mkeka. Moja ni ya shaba iliyopakwa grafiti, aina ya kaboni. Nyingine ni ya alumini iliyopakwa oksidi yenye lithiamu pamoja na metali kama kobalti, nikeli na manganizi. Katikati yake upo utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, nao ni mwembamba kuliko unywele. Vyote vimelowa elektroliti, yaani chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika vimiminika ambavyo kwa asili yake vinashika moto.

Betri ikiwa imejaa, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zimejipanga ndani ya grafiti. Koili inapounganishwa, ioni zinaogelea ndani ya elektroliti, zinapenya vitundu vya utando na kuingia kwenye oksidi upande wa pili. Elektroni zake, zile chembe ndogo zinazobeba umeme kwenye waya, haziwezi kupita njia hiyo, hivyo zinalazimika kuzunguka kwa nje: zinatoka kwenye shaba, zinapita kwenye waya na kwenye koili, kisha zinaingia kwenye alumini. Huko kuzunguka kwa nje ndiko umeme wenyewe. Ukiirudishia betri umeme kwa chaja, ioni zinarudi kwenye grafiti zilikotoka, bila kitu kikubwa kuharibika.

Ndiyo kusema kwamba betri ya lithiamu-ioni ilibuniwa tangu mwanzo ili ichajiwe tena na tena. Kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Vepu ya kutupwa inaichukua kazi hiyo yote, inaitumia mara moja, kisha inaizika kwenye taka. Mwaka 2023 watafiti wa University College London na wenzao wa Oxford walizitoa betri kwenye vepu za kutupwa, wakazichaji na kuzitumia tena maabarani. Zilistahimili mamia ya mizunguko zikiwa bado na sehemu kubwa ya uwezo wake. Mimi nashughulika na betri kila siku, na bado jambo hili linaniuma. Betri kumi za mAh 500 zina umeme unaolingana na betri moja ya simu ya mAh 5,000. Kila moja ina takriban gramu 0.15 za lithiamu. Peke yake ni kiasi kidogo, ila mwaka 2023 shirika la Material Focus lilikadiria kwamba Uingereza peke yake ilikuwa ikitupa vepu milioni 5 kila wiki.

Baadhi ya nchi zimechukua hatua. Ubelgiji ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na Uingereza ikafuata tarehe 1 Juni mwaka huo huo. Sheria ya Uingereza inadai mambo mawili kwa pamoja: kifaa kiweze kuchajiwa, na kiweze kujazwa kimiminika upya. Sharti hilo la pili ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Tundu la chaji peke yake halimzuii mtu kukitupa kifaa pamoja na betri yake nzima siku kimiminika kinapokauka.

Hatari iko wapi? Iko kwenye ile ile sifa ya kutoa umeme kwa kishindo. Betri yenye ukinzani mdogo wa ndani ikipigwa shoti, mkondo unaweza kufika makumi ya ampia kwa muda mfupi. Chukua gari la taka linaloshindilia mzigo wake. Ganda la vepu linapasuka, betri inabonyezwa, utando ule mwembamba unachanika, shaba na alumini zinakutana. Joto linapanda. Kwenye nyuzi 130 hivi utando unayeyuka na shoti inaenea betri nzima. Baada ya hapo kemikali zilizomo zinaanza kuzalisha joto zenyewe, oksidi inaachia oksijeni, elektroliti inageuka gesi na kulipuka kwa moto. Hapo hakuna haja ya chanzo kingine cha joto. Karatasi na plastiki zilizo jirani zinamalizia kazi. Wanaofanya kazi kwenye magari ya taka na vituo vya kuchambulia taka ndio wanaokutana na moto huu kwanza, na hawakuvuta hata mara moja.

Kwa hiyo vepu iliyokwisha haiendi kwenye pipa la kawaida, wala kwenye pipa la plastiki za kurejelezwa. Inakwenda kwenye kituo cha kukusanyia betri au taka za kielektroniki. Wakati inasubiri kupelekwa, iweke mahali pakavu na pa baridi, mbali na watoto, kwa sababu sifongo yake bado ina nikotini inayoweza kumdhuru mtoto akiinyonya. Usirundike nyingi kwenye droo yenye karatasi. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Ukisafiri kwa ndege, ibebe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa huko moto ukianza hakuna mtu wa kuuwahi.

Wapo vijana mafundi wanaozibandua vepu na kukusanya betri zake ili wajitengenezee chaja ya simu. Nawaelewa, na akili yao naiheshimu. Ila wajue kwamba betri hizi mara nyingi hazina saketi ya kuzilinda zisijae kupita volti 4.2 wala zisishuke kupita kiasi, na ukizilehemu moja kwa moja unapeleka joto la lehemu ndani ya ule mkeka. Betri iliyokaa miezi ikiwa tupu huanza kuyeyusha shaba yake yenyewe, na ukiichaji, shaba hiyo inaweza kujenga daraja la shoti ndani. Kwa nje utaiona nzima kabisa.

Vepu yenye tundu la chaji ichajiwe kwa waya na chaja anayoelekeza mtengenezaji, mezani, mtu akiwa macho. Isichajiwe kitandani wala chini ya mto. Ikivimba, ikitoa harufu tamu ya kemikali au ikianza kulia kama hewa inayotoka kwenye tairi, ondoka karibu yake na uwaondoe wengine. Moshi wake una gesi ya floridi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa mapafu na macho. Kwa betri ndogo kama hii maji mengi yanafaa, kwa kuwa kazi ya kwanza ni kuipoza. Moto ukizimika, iache nje, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Betri ya lithiamu-ioni iliyoungua inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.